Kumtumia mama maua Iowa ukiwa Dar: achana na websaiti kubwa, piga simu dukani

Kwa wenye haraka nianze na jibu kabisa. Kama una mtu wako kwenye kamji kadogo huko Marekani ya katikati, Iowa, Nebraska, Indiana, sijui Ohio ya vijijini, na unataka maua yamfikie, usiagize kwenye zile websaiti kubwa zinazotokea juu kabisa ukigugo. Tafuta duka la maua lililopo mji uleule anaokaa mtu wako, wapigie simu, ongea na binadamu. Hela ni ileile au pungufu, maua ni mengi zaidi, na yanafika siku uliyosema. Njia zote mbili nimepita, mpokeaji alikuwa mama yangu mzazi, na huyo si mtu wa kukwambia "mazuri mwanangu" kama si mazuri.

Mama yupo Pella, Iowa, kaenda kumlea dada aliyejifungua. Shemeji anafanya kazi kiwanda cha madirisha palepale. Pella ni mji wa watu kama elfu kumi hivi, kusini mashariki mwa Des Moines, mwendo wa gari haufiki saa nzima, walioujenga ni Waholanzi waliohamia pale mwaka 1847 na mpaka leo wamekomaa na Uholanzi wao, kuna kinu cha upepo kirefuuu katikati ya mji, kuna mfereji, kuna mikate ya umbo la herufi S yenye lozi ndani ambayo mama anaisifia sana kwa chai, na kila mwanzo wa Mei wana sherehe ya maua ya tulipu iliyoanza tangu 1935, watu wanavaa viatu vya mbao na wanapiga deki barabara ya lami kwa ndoo na mafagio kabla gwaride halijapita. Mama alinitumia video ya hao wapiga deki akasema hawa watu wana nafasi. Kwa hiyo ndio, kutuma maua Pella mwezi wa tano ni kama kupeleka samaki Mwanza, dada alishanicheka kabla hujanicheka wewe. Ila Siku ya Mama ni Jumapili ya pili ya Mei, mimi niko Tabata, simu peke yake nikaona haitoshi.

Sasa ile websaiti. Siitaji jina, na lile duka lililonifurahisha nalo silitaji, maana ninachotaka ushike ni njia yenyewe, Pella si Dar, maduka ya maua pale unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ukitafuta utayapata. Kwenye picha kulikuwa na vasi la kioo, kile chombo cha kuwekea maua, limejaa mawaridi ya pinki na maua makubwa meupe ya lili, bei dola 69.99, nikasema poa. Kumbe hiyo 69.99 ni ya mlangoni tu. Ukibonyeza inakuuliza unataka ya kawaida, kubwa, au kubwa zaidi, na ile ya kwenye picha ndo kubwa zaidi, hiyo ya kawaida hawakuoneshi ikoje. Halafu unataka dubu? Chokoleti? Puto? Hapana, hapana, hapana. Halafu ada ya huduma, ada ya kupeleka, ada ya kupeleka kipindi cha sikukuu, mwisho imefika dola mia na kitu, zaidi ya laki mbili na nusu ya kwetu. Na hapo bado kadi haijapita. Fomu inataka jimbo, na majimbo ni yao tu, Alabama mpaka Wyoming, hakuna Dar es Salaam humo. Postikodi yetu nayo ina tarakimu tano kama zao kwa hiyo hapo niliwaweza, ila benki inaona anwani hailingani na ya kadi, inakataa. Binamu yangu yuko Houston ndo akalipa nikamrudishia, asante binamu.

Yakafika Jumatatu. Siku ya Mama ilikuwa jana yake.

Na yalivyofika ni hivi, nasema kutokana na picha alizonipiga dada maana nilimwambia apige kila upande: mawaridi hayafiki hata nusu ya yaliyo kwenye picha ya websaiti, mawili matatu kingo zake zimeshakuwa za kahawia kama karatasi ya vitumbua, lili hakuna, badala yake wameweka karnesheni na majani mengi sana ya kujazia, unaona kijani kwanza ndo uanze kutafuta ua. Kikadi sasa. Niliandika "Mama asante kwa malezi". Kikadi kikaja kimeandikwa "Mama Asante Kwame Lezi". Dada ananipigia saa nane usiku ya huku, anauliza huyu Kwame ni nani na mama anajuana naye wapi.

Mama mwenyewe hakulalamikia uchache wala kahawia. Aliinama akanusa. Akanusa tena. Akasema "mbona hayanuki?"

Hapa inabidi umjue mama. Ni mtu wa Tanga, kwake ua ni harufu, amekua na kikuba, asumini na waridi na rehani na kilua vimefungwa pamoja, unavaa au unaweka chini ya mto nyumba nzima inajua. Ua lisilonuka kwake ni kama picha ya ua. Na kwa kweli hakuwa na makosa, maana mengi ya mawaridi ya madukani Marekani yanalimwa Colombia na Ecuador, yanapanda ndege mpaka Miami, yanakaa kwenye ubaridi, yanapanda lori, mpaka yafike Iowa yameshakuwa na safari ndefu, kwa hiyo wakulima miaka mingi wamechagua mbegu za shina refu, kichwa kigumu, linalodumu kwenye vasi, na katika kuchagua huko harufu ndo iliyoachwa nyuma. Hata hayo ya kwetu Arusha na ya jirani Naivasha yanayokwenda Ulaya ni hivyohivyo.

Nikawa nataka kujua hela yangu imekwenda wapi, nikasoma. Kumbe huu mtindo wa kuagiza ua mji mmoja likapelekwa mji mwingine ni wa zamani na mwanzo wake ulikuwa wa maana. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani wenyewe walijiunga wakaanzisha FTD, ile T ilikuwa ya telegrafu, yaani wewe uko New York unaingia duka la jirani yako unalipa, muuza duka anapiga telegrafu kwa mwenzake wa Iowa, yule wa Iowa anafunga maua anapeleka, wanagawana. Teleflora ikaja 1934 kwa mtindo huohuo. FTD iliwahi kuomba kinga ya kufilisika 2019, ikauzwa, ipo mpaka leo. Mgao uliozoeleka ni hivi, aliyepokea oda anachukua asilimia 20, mtandao wa katikati unachukua kama asilimia 7, kinachobaki ni cha anayetengeneza. Zamani huyo wa asilimia 20 alikuwa muuza maua mwenzao, na yeye kesho anapokea oda za wenzake, haki bin haki. Siku hizi mara nyingi ni websaiti tu yenye watu wa kupokea simu, hawana vasi hata moja, hawana ndoo, hawana mkasi, na ile ada ya huduma wanaila wao kabla mgao haujaanza.

Piga hesabu. Umelipa dola 100, sema 20 ni ada ya huduma, imekwenda. Inabaki 80. Toa asilimia 20, toa 7, duka la Pella linapokea kama dola 58, na humo itoke petroli, vasi, mfanyakazi, na picha inataka maua ya dola 80. Muuza maua afanyeje? Ama anapunguza mashina, ama anaikataa oda, anao uhuru wa kuikataa, na kwenye mji wenye maduka mawili matatu, wiki ya Siku ya Mama wote wamezidiwa, oda ikikataliwa inarudi kutafuta duka lingine mpaka Jumatatu. Kwa hiyo wala sina ugomvi na aliyefunga yale maua, alifunga ya hela aliyopewa.

Kuna mtego mwingine wa kuangalia. Ukigugo "maua" na jina la mji zinatokea websaiti zenye jina la mji wenyewe, zimeandikwa sisi ni wa hapahapa, na kumbe ni walewale wa kwenye simu, hawajui Pella iko kaskazini au kusini. Mi nimejifunza kuangalia hivi: kuna anwani ya mtaa au hakuna, ukiifungua kwenye ramani unaona duka lenye kibao na dirisha au unaona parking tupu, ukurasa wao wa Facebook una picha za maua waliyofunga wiki hii, za simu, zenye meza chafu nyuma, au ni zilezile picha safi za studio unazoziona kila mahali. Meza chafu ndo nzuri. Na namba ya simu, ya Pella inaanza na 641, zile za 800 nyingi ukiwa nje ya Marekani hata hazitoki, au zinatoka unakatwa.

Basi mwezi uleule nikasema mama hawezi kubaki na Kwame Lezi, nikapiga 641. Saa za kupiga ni rahisi kwa sisi wa Afrika Mashariki, wakifungua saa tatu asubuhi ya Iowa huku ni saa kumi na moja jioni, umeshatoka kazini, kipindi chao cha baridi ongeza saa moja. Jumapili usipige, Pella ni mji wa makanisa, Jumapili maduka mengi kimya. Vocha ya simu ya nje haikufika elfu tano.

Alipokea mama mmoja mtu mzima kwa sauti, anaongea taratibu, nikamwambia napiga kutoka Tanzania, akanyamaza kidogo nikadhani amekata, kumbe anatafuta kalamu. Aisee huyu mama maswali yake ndo yaliniuza. Hakuniuliza nataka namba ngapi ya kwenye katalogi. Aliuliza mama yako ana umri gani, vasi litakaa wapi, mezani au dirishani, nyumba ina paka? Paka tena? Ndio, lili ni sumu kali kwa paka, hata chavua yake akijilamba figo zinakufa, kwa hiyo anauliza kwanza. Dada ana paka. Yaani ile websaiti ingefuata picha yake tungekuwa na msiba wa paka.

Nikamwambia bajeti yangu ni dola 75 na kupeleka ndani yake, na nataka yanukie, mengine yote achague yeye. Wauza maua wa kule wanapenda sana ukiwaambia hivyo, maana wanachukua kilicho kizuri kwenye friji siku hiyo badala ya kuhangaika kuiga picha. Akacheka kwa ile ya harufu, akasema watu hawaombi harufu siku hizi, wanaomba rangi. Akasema ana pioni zimeanza kutoka kwa mkulima wa karibu, ana frizia, ana stoki ambayo inanukia kama karafuu, mawaridi ataweka matatu tu ya sura. Pioni ukitaka kujua ni yale makubwa yanajikunja kama kabeji halafu yanafumuka, kwa kule yanachanua mwisho wa Mei na watu wanayapeleka makaburini siku yao ya kukumbuka wafu wa vita, Jumatatu ya mwisho ya Mei, kwa hiyo akanionya nichague siku kabla ya hapo maana wiki ile watakuwa bize. Tukachagua Alhamisi.

Kikadi nilimtajia herufi moja moja. M kwa Maria, A, M, A. Alipofika mwisho akanisomea yote kwa lafudhi yake, "malezi" akaitamka vizuri kuliko watoto wa binamu yangu wa Houston. Kadi ya benki nilitegemea itagoma tena, ila hakunitaka nisome namba kwenye simu, alinitumia kwa emaili bili ya Square, mfumo wao wa kulipia mtandaoni, nikafungua, nikalipa na Visa yangu ya hapa Dar, ikapita bila kuulizwa jimbo.

Alhamisi ikafika, saa tano asubuhi ya kule dada anatuma video. Aliyeleta ni mzee mmoja na gari dogo, dada alikuwa anamwogesha mtoto kwa hiyo mama ndo kafungua mlango, na mama Kiingereza chake ni cha salamu, lakini karibu ni karibu, kamkaribisha mzee wa watu mpaka ndani kwa vitendo, na yule mzee kweli kaingia, kavua na kofia, kaweka vasi mezani mwenyewe maana lilikuwa zito, akamwonesha mama kwa mkono kwamba maji yabadilishwe na mashina yakatwe kidogo kwa mshazari. Mama alitaka kumpa na andazi.

Maua yenyewe sasa. Pioni tano, mbili zimefunga ngumi bado, tatu zimeanza kufumuka, pinki inayoelekea nyeupe. Stoki za zambarau. Frizia za njano zimeinama pembeni. Majani machache. Vasi si la kioo, ni kopo la bati lililopakwa rangi nyeupe, mi nilipenda, dada hakulipenda. Mama kasogeza uso, na safari hii alikaa humo muda. Halafu kaita "njoo uone, kuna sisimizi!" Na kweli, sisimizi mmoja anatembea juu ya pioni iliyofunga, wanapenda utamu unaotoka kwenye vitumba vyake, na ua lililokatwa shambani jirani siku hiyohiyo linakuja na mwenyewe. Sijui kama duka lingependa nitaje hili ila kwangu huyo sisimizi ndo risiti, ua lililotoka Ecuador kwa ndege halina sisimizi. Zile zilizofunga zilifumuka wikiendi, za mwisho zikapukutika wiki iliyofuata na mama alizikusanya petali akaweka kwenye sahani chumbani, kama ya kikuba vile.

Haina maana kila kitu kilikuwa safi. Websaiti ya duka lenyewe imezeeka, picha za Krismasi zipo mpaka leo, oda ya mtandaoni usijaribu. Hawana wasapu. Picha ya maua kabla hayajatoka dukani hawakunitumia mpaka niliomba, na hata nilipoomba ilikuja giza.

Kuna njia nyingine mbili watu wataniuliza. Hy-Vee, zile supamaketi za Iowa na majimbo ya jirani, nyingi zina kona ya maua yenye mafundi wao, kama mtu wako yupo mji wenye Hy-Vee na bajeti yako ni ya dola 30, mwambie ndugu wa pale apite achukue, kwa hela hiyo duka la maua halitakuelewa. Nyingine ni maua ya kwenye boksi yanayokuja kwa FedEx au UPS moja kwa moja kutoka shambani, hayo ni mazuri kwa kijana anayependa kujipangia, yanafika yamelala, yamefunga, bila maji, mpokeaji akate mashina, atafute vasi, asubiri yafumuke. Mama yangu angeuliza nimemtumia kazi au zawadi. Na Januari usithubutu, Iowa inafika nyuzi ishirini chini ya sifuri, boksi likiachwa barazani hata kwa muda mfupi umetuma mboga iliyoganda, wakati duka la mjini linafunga kwa karatasi na nailoni na haliachi kitu nje, litampigia mtu simu kwanza.

Kwa wenye msiba huko, maana najua wengi wetu ndo tunaanza kutafuta maua hivyo: nyumba ya maziko, yaani ofisi inayoshughulikia mazishi kule, ina ukurasa wa marehemu na kitufe cha kutuma maua, kitufe kile mara nyingi kinakurudisha kwa watu wa katikati walewale. Soma tu saa za kuaga pale, halafu piga duka la mjini, wao kila siku wanapeleka kwenye hiyo nyumba, wanajua mlango gani na saa ngapi. Na usome mpaka mwisho wa tangazo, familia nyingi huandika badala ya maua changieni kitu fulani. Kama mgonjwa yuko hospitali uliza kwanza, vyumba vya mahututi kwa kawaida hawapokei maua, na maputo ya mpira hospitali nyingi wamekataza.

Duka la Pella naliwekea alama nne na nusu kwa tano, nusu nimekata kwa ile websaiti na picha ya giza. Ile websaiti kubwa nawapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu Kwame Lezi ametuchekesha ukoo mzima, mtoto wa dada sasa hivi ndo jina lake la utani. Nililalamika, wakaomba radhi vizuri sana, wakanipa vocha ya punguzo kwa oda ijayo, hela hawakurudisha. Vocha imeisha muda wake, matangazo yao bado yanaingia kwenye emaili, na nimebonyeza kujiondoa mpaka nimechoka.